Tulipoyasoma Maulidi kwa Kikwere

Wako watu mjini Bagamoyo, na mpaka leo wako, wakimsikia mtu anasema Kikwere hucheka kwa pua. Ati ni lugha ya kuitia mbuzi. Ni kweli, mimi nimeitia mbuzi kwa Kikwere na mbuzi walikuja. Lakini pia nimemwelezea mama yangu kuzaliwa kwa Mtume kwa Kikwere hichohicho, mchana kweupe, mbele ya mwalimu wa mjini na wasomaji wake sita. Habari hiyo imesemwa vibaya miaka mingi. Wengine walisema nilichanganya tambiko na dini. Mmoja alisema nilikuwa nimelewa, na mimi pombe sijapata kuionja. Basi nimeona niiandike mwenyewe kabla hawajanizika na kuendelea kusema.

Elimu yangu ni ndogo, sifichi. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa misimu miwili, nikafika juzuu moja, baba akafa, nikatolewa nikalinde mpunga. Skuli ya serikali niliiona kwa nje. Herufi hizi za kizungu nimejifunza kwenye magunia, nikiwa mchoma chokaa Bagamoyo, kwa sababu kila gunia lilikuwa na maandishi na mimi sipendi kubeba kitu nisichojua kimeandikwa nini. Ndiyo tabia yangu. Huenda nilizaliwa nayo, maana mama yangu alikuwa vilevile.

Kwetu ni Mkange. Mjini nilikaa kwa ajili ya kazi tu: kukusanya matumbawe ufukweni, kuyapanga juu ya magogo ya mikoko, kuchoma, kumwagia maji, kuchekecha. Nyumba nyingi nyeupe mlizoziona enzi za Mwingereza zina jasho langu ukutani. Kila nikipata siku chache nilikwenda nyumbani kwa miguu, napita Makurunge, navuka mto Wami kwa mtumbwi, siku ya pili naingia Mkange. Na kila Mfunguo Sita nilikuwa nyumbani, kwa ajili ya maulidi.

Maulidi ya kwetu yalisomwa mchana, baada ya adhuhuri. Wageni walitushangaa, lakini kwetu ukiwaweka watu nje usiku, simba nao watahudhuria. Wasomaji walitoka Bagamoyo na mwalimu wao, mtu mrefu, sauti nzuri sana, sitamnyima sifa yake. Wanaume tulikaa mikekani. Wanawake walikaa nyuma ya ua wa makuti. Ubani ulifukizwa, mrashi ulizungushwa, mwalimu akaanza, kwa Kiarabu, mwanzo mpaka mwisho. Hapana mtu Mkange aliyejua Kiarabu. Tulijua pa kuitikia, pa kusimama na pa kukaa. Na wanawake walijua pa kulia.

Palikuwa na mahali ambapo mwalimu alipunguza kasi. Sauti ilishuka, maneno yakawa mafupi mafupi, moja, kisha pumzi, kisha jingine. Hapo nyuma ya ua kilio kilianza. Kilio chenyewe kilikuwa cha msiba hasa, mpaka kina mama wengine wakashikwa mabega. Nimekua nakisikia kilio hicho. Sisi sote tuliamini kuwa hapo ndipo Mtume anapofariki.

Mwaka mmoja, kisomo kimekwisha, watu wanakula, mama akaniita jikoni. Hapa naandika Kiswahili kwa sababu nyinyi wasomaji ndicho mnachokijua, lakini yeye alisema Kikwere. Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi.

“Mwanangu,” akasema, “wewe unakaa mjini. Pale tunapolia, anasema nini?”

“Nadhani ni kifo, mama.”

“Unadhani. Mimi nimelia hapo tangu sijaota meno ya ukubwa. Bibi yako alilia hapo. Nani ametuambia tulie?”

“Sijui.”

“Basi kaulize. Nimezeeka. Sitaki kuingia kaburini nimelia maisha yangu yote kwa kufuata mkumbo kama mbuzi.”

Nikamfuata mwalimu palepale, anakunywa kahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza kuwa mama na wenzake wanaomba maana ya kisomo, kwa lugha wanayoifahamu.

Akaniangalia mikono. Mikono ya mchoma chokaa ina vidonda vyeupe visivyopona. “Ewe,” akasema, “mvua ikinyesha shambani, mpunga huuliza maana? Unalowa, unaota. Baraka ni hivyohivyo.”

Watu wakacheka, jibu lilikuwa zuri. Kama angeishia hapo ningerudi kwa mama nikamwambia habari ya mpunga. Lakini aliongeza: “Na kwa Kikwere! Utamwelezaje Mtume kwa lugha ya kina shamba? Maneno yenyewe mtayatoa wapi?”

Nikasema moyoni, maneno nitayatoa palepale bibi yangu alipoyatoa alipokuwa akizika, akioza, akipatanisha na kulaani. Huyu bwana anafikiri sisi tunabweka?

Mkabala na tanuu letu la chokaa kulikuwa na mzee mshona kofia. Alikuwa amesoma sana ujanani, Unguja, kisha mambo yakamgeuka akarudia sindano. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Nikamwendea, nikamwambia haja yangu.

“Nitakupa maana,” akasema, “kwa masharti. Kwanza, hutaandika. Ukiandika, watakukamata kwa herufi moja. Pili, utakuwa unanirudishia. Nikikupa kipande leo, ukirudi kutoka kwenu utanieleza ulikisemaje, kisha uniambie kwa Kiswahili maana ya ulichosema. Ukipotoka, ndiyo mwisho wetu.”

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ile. Ilinichukua karibu mwaka. Mzee alinipa kipande kwa Kiswahili, nikikaa naye saa ya chakula cha mchana, mimi vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikakibeba kichwani. Njiani kwenda Mkange nikakigeuza, nasema kwa sauti, peke yangu, porini. Mtu akinisikia alidhani nimepagawa. Pale Wami mvushaji alikuwa Mkwere mwenzangu, mkaidi, hataki mazungumzo. Nikiingia mtumbwini nilianza kueleza. Akiendelea kupiga kafi bila kugeuka, nilijua kipande ni kibovu. Akigeuza kichwa, kimekaa. Siku ya kipande cha yule mama aliyemchukua Mtume, angali mtoto mchanga, kumnyonyesha katika mwaka wa njaa, mtumbwi ulikwenda upande mpaka tukapigwa na matete.

“Kisha?” akaniuliza. “Maziwa yalimtoka?”

“Yalimtoka.”

“Na njaa ile?”

“Mifugo yake ilishiba, ya majirani haikushiba.”

“Majirani walisemaje?” Nikamwambia sijapewa bado. Akaniacha ukingoni kwa hasira, kama kwamba nimemficha.

Sisi njaa tunaijua. Kipande hicho kiliingia katika Kikwere kama mguu katika kiatu chake. Vingine vilinitesa. Jangwa, kwa mfano. Kwetu kila mahali pana kichaka. Nikasema: nchi ambayo ukitafuta kuni za kuchemshia uji hupati. Mama aliposikia hilo akasema, “Masikini wanawake wa huko.” Hapo nikajua nimefika. Ngamia nilimwacha ngamia. Nilijaribu kumfananisha na twiga, mzee wa kofia akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akaniambia, “Mnyama wa watu mwache alivyo.” Nikajifunza kuwa si kila kitu lazima kivuliwe nguo. Na ile nuru ya kwenye paji la uso wa baba yake Mtume, mwalimu wa mjini angeniuliza Mkwere ana neno gani. Analo. Ana neno la mwanga wa mwezi mchanga, na ana neno jingine la mwanga unaotangulia jua wakati mwanamke anakwenda kisimani. Nilikuwa na mawili ya kuchagua! Nikachukua la kisimani.

Siku moja tukafika mahali pa kilio. Nikamwambia mzee habari ya wanawake wa Mkange, kwamba pale mwalimu anapopunguza kasi wao hulia. Akaniomba nimfuatishie sauti yake. Nikaifuatisha. Akaweka kofia chini.

“Hapo?” akasema. “Hapo hapana kifo. Hapo anataja nasaba. Fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Ni majina tu.”

Nilicheka njia nzima mpaka Makurunge. Kilio chote kile! Mabega kushikwa! Kwa orodha ya majina! Nikajiona mimi sasa ndiye mjuzi wa Mkange, nitakwenda kuwasahihisha. Namwandikia msomaji ukweli: siku ile nilicheka kwa pua, kama watu wa mjini.

Mfunguo Sita ukaja. Mwalimu akafika na wasomaji wake. Kabla hajaanza nikasimama, nikasema mbele ya wote: “Mwalimu, tunakuomba. Wewe soma kipande, pumzika, na mimi nitawaambia kina mama kwa Kikwere ulichosoma. Kisha endelea.”

Akauliza, “Nani kakupa idhini?”

“Aliyetaka kujua.”

“Na maana umepewa na nani?”

Nikamtaja mzee wa kofia. Uso wake ukabadilika kidogo, maana alijua mzee yule amemzidi kusoma. Lakini akasema, na hapa lazima nimtendee haki, kwa sababu hakusema kwa kejeli: “Sikiliza, bwana chokaa. Ukikosea neno moja juu ya Mtume, dhambi si yako peke yako. Ni yangu mimi niliyekaa nikasikia na nisijue kama umekosea. Kikwere sikijui. Unanitaka nitie muhuri barua iliyofungwa.”

“Na wao hawakutia muhuri barua iliyofungwa miaka yote hii?” nikamjibu. “Wameitikia amini kwa wasichokijua.”

“Ikisemwa lugha hiyo hapa,” akasema, “mimi nakunja mkeka wangu.”

Wazee wa kijiji wakatazama chini. Waliogopa mwaka upite bila kisomo. Nilijua hakuna hata mmoja atakayeniunga mkono. Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ua. Ya mama yangu.

“Anasema nini huyo?”

Nikamwambia kwa Kikwere: anasema atakunja mkeka wake.

“Mwambie akunje. Lakini mkeka niliusuka mimi. Auache hapohapo.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu akauliza wamesemaje. Nikamtafsiria, neno kwa neno, sikulainisha. Wasomaji wake wakaangalia pembeni, mmoja akaziba mdomo kwa kilemba. Mwalimu akaweka kitabu chake magotini. “Haya,” akasema. “Kipande kwa kipande. Na mimi nitakuuliza kila mara umesema nini.”

Tukaanza. Akasoma, nikasema. Akauliza kwa Kiswahili, nikamjibu. Kulikuwa kimya nyuma ya ua, kimya cha watu wanaosikiliza; ukikisikia mara moja hutakichanganya na kimya kingine. Nami kichwa kikavimba. Tukafika kwenye majina. Kabla hajafungua mdomo, nikanyoosha mkono kama askari, nikawaambia kina mama: “Hapa mlipokuwa mnalia, msilie. Mlikuwa mmekosea. Hapana kifo hapa. Ni majina tu.”

Mwalimu akasoma. Sauti ikashuka kama kila mwaka, jina, pumzi, jina, pumzi. Wanawake hawakulia.

Sijapata kusikia jambo baya kama lile. Kama jembe limegonga mwamba. Hata mwalimu alisita katikati, akageuka kutazama ua, maana naye amezoea kilio kile kimbebe. Akamaliza. Hakuna aliyeitikia.

Mama akaita: “Majina ya nani?”

“Ya wazee wake Mtume. Baba yake, babu yake, babu wa babu yake, kurudi nyuma.”

“Wako hai?”

“Mama! Wamekufa zamani sana.”

“Wamekufa,” akasema. “Wanatajwa mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Na wewe unasimama hapo unatuambia tusilie, ni majina tu. Wewe tukienda kwenye makaburi ya kwenu, akitajwa babu yako, unacheka?”

Kichwa kilichovimba kikanywea. Mwaka mzima nilikuwa nimesaka maana ya kila neno, na hawa bila neno hata moja walikuwa wamesikia kitu chenyewe kwa masikio tu: kwamba hapa wanatajwa waliokufa. Nikasema, “Nimekosa mimi.” Nikalisema kwa Kikwere, kwa sauti, na wanaume wote wakasikia. Sijutii.

Lakini halikuisha. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke asiyeweza kuliacha jambo likae, akadakia: “Hebu kwanza. Hayo majina, wanaume watupu?”

“Wanaume,” nikasema.

“Walizaliwa na miti?”

Mjue, sisi Wakwere ukoo ni wa mama. Mtu akikuuliza wewe nani, anauliza tumbo ulilotoka. Kutaja ukoo mzima bila mama hata mmoja, kwa shangazi ilikuwa kama kusimulia safari bila njia. Nikamtafsiria mwalimu. Nilidhani sasa atakunja kweli. Akafikiri, akajibu polepole: “Mwambie mama zao wapo. Hapa hawakutajwa.”

Nikawaambia.

“Basi sawa,” shangazi akasema. “Asome tena. Sisi tutawalilia hao wasiotajwa.”

Mwalimu akasoma tena. Mimi safari hii nilisema nyuma yake kila jina, kwa namna ya kwetu ya kutaja waliotangulia, taratibu, na baada ya kila jina nikaacha nafasi ya mama yake. Sikuongeza jina, sikupunguza. Niliacha nafasi tu. Na katika kila nafasi kilio kilijaa. Hilo ndilo waliloliita tambiko. Waliolisema hawakuwapo, na mwalimu aliyekuwapo hakulisema yeye. Alipoondoka aliniambia neno moja: “Umeniponza.” Lakini alinipa mkono.

Wazee wa mjini waliniita mara mbili nikaombe radhi. Mara ya kwanza nilikwenda, nikawaambia aniambie mtu neno gani nililokosea, nami nitaomba radhi ya neno hilo. Hawakuwa nalo. Walitaka niombe radhi ya lugha. Mara ya pili sikwenda. Nilikuwa na tanuu linawaka, na chokaa haisubiri watu wanaojadili. Mzee wa kofia walimwacha, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ya ulimi wake.

Adhabu ikawa kwamba mwaka uliofuata wasomaji hawakuletwa Mkange. Waliona tutakoma. Tukamtafuta kijana wa kwetu aliyesoma chuo, sauti yake kama bawaba kavu, akasoma Kiarabu anavyojua. Mimi nikasema Kikwere. Ua wa makuti ulikuwa umeanguka na mvua na hapakuwa na mgeni wa kumwonea haya, kwa hiyo wanawake tuliwaona nyuso.

Majina yakapita, wakalia. Tukaendelea. Tukafika kwa yule mnyonyeshaji, pale mtoto amekua na inambidi amrudishe kwa mama yake mzazi. Nikasema anavyomvika, anavyomshika mkono, anavyotembea naye hatua fupi ili njia isiishe. Mama yangu akaanza kulia.

Wenzake wakamvuta nguo. “Siyo hapa!” wakamnong’oneza. “Tumekwisha kupita! Siyo hapa!”

Hakunyamaza. Baadaye aliniambia alimkumbuka mtoto wa dada yake, aliyemnyonyesha miezi mingi mwaka wa njaa, kabla mimi sijazaliwa, akamrudisha mwenyewe kwa miguu, na mtoto akalia njia nzima akimwita yeye mama. Sikuwa najua. Hakuwa amelisema kwa mtu. Lakini wakati ule niliona tu mwanamke mzee analia peke yake katikati ya wanawake wanaomkataza, nami nikasimamisha maneno, nikamngoja.

Shangazi akamwambia, “Wifi, kila mtu anakutazama.”

“Watazame,” akasema mama. “Nyinyi lieni pale penu. Mimi nimepata pangu.”

Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka, amekasirika kabisa. “Na wewe umesimama nini? Alimfikisha au hakumfikisha? Sema.”